Bunduki Haina Kasoro

4 Machi

Daftari jipya, mvua mpya. Paa la karakana linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya jiliwa ninalobania vyuma, na nimeweka ndoo ileile. Marehemu baba hakuwa mtu wa kuandika. Kila kazi aliiweka kichwani, na tulipomzika tulizika na kumbukumbu zote za karakana. Ndiyo maana mimi naandika kila kitu, hata upuuzi.

Mahindi ya bondeni yamefika magotini. Yakianza kubeba, nguruwe pori watashuka kutoka msituni kama walioalikwa. Chama cha wakulima kina bunduki moja ya kuwazuia na mtu mmoja wa kuishika. Mtu huyo ni baba mdogo, mdogo wake baba, mlinzi wa mashamba kwa miaka kumi na minane. Bunduki ilikuwa ikitunzwa na baba. Mwaka huu zamu ni yangu.

6 Machi

Baba mdogo ameileta. Ni ya mtutu mmoja, inakunjwa katikati kwenye bawaba ili kutia risasi, na ni kongwe kuliko mimi. Nimeifungua yote. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa fundi hasa, lakini usafi haukuwa fani yake. Bawabani kulikuwa na grisi nyeusi iliyoganda kama lami. Nimeikwangua. Nimetoa na kipande cha bati kilichokwama humo, nimetupa. Mtutu nimeupiga brashi mpaka ndani unang'aa. Kila kiungo nimekipaka grisi nzito mpya. Sasa inafunga kimya kama kabati la dukani.

"Umeipamba kama bibi harusi," baba mdogo akasema.

Nimefurahi, sitaki kujifanya.

9 Machi

Majaribio kule machimbo ya mawe. Niandike vizuri, maana nataka msimu ujao nisianze kujiuliza upya.

Marisau, zile chembe ndogo zinazotawanyika, hayamuui nguruwe mkubwa, yanamkasirisha tu. Kwa hiyo chama kinanunua risasi ambayo ndani yake kuna kipande kimoja kizito. Sisi karakanani tunakiita donge. Mtutu wa bunduki hii ni laini ndani, hauna mifereji ya kulizungusha donge linapotoka. Linakwenda sawa kwa sababu moja tu: kichwa chake ni kizito na nyuma liko tupu, kama jiwe lililofungwa kwenye ncha ya kitambaa ukalirusha. Lakini si la kulitegemea mbali. Hatua arobaini, hamsini mwisho. Zaidi ya hapo unaomba Mungu.

Chama kinatoa risasi mbili tu za majaribio. Hatua arobaini, bunduki juu ya gunia la mchanga, nikapiga zote mbili. Matundu yamekaribiana kiasi kwamba nayafunika kwa vidole vitatu. Bunduki imekabidhiwa.

17 Machi

Mvua. Nimechomelea geti la kanisa na baiskeli mbili.

20 Aprili

Mahindi yamebeba. Katibu wa chama amepita kuniuliza kama bunduki iko sawa. Nikamwambia kama iko sawa kuna watu watapata kazi, wachonga majeneza ya nguruwe. Hakucheka. Katibu hacheki kabla ya mavuno.

23 Aprili

Baba mdogo amekosa. Dume kubwa, hatua thelathini, limesimama ubavu. Donge limekwenda kushoto, likapasua shina la mti.

Amekuja karakanani kabla ya chai. "Bunduki imekwenda kushoto."

"Au wewe, baba mdogo?"

"Mimi nilikuwa nimesimama."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

24 Aprili

Nimeanza na risasi zenyewe. Boksi jipya ni la kiwanda kingine, na bunduki ya namna hii huchagua risasi kama mtoto anavyochagua mboga. Nimeisafisha, nimepaka grisi, tumekwenda machimboni na risasi mbili. Zote zimepiga vizuri, ila chini kidogo ya zile za Machi. Hilo nalijua, kila boksi lina mahali pake. Nimemwambia alenge juu kidogo. Kushoto hakuna.

28 Aprili

Amekosa tena. Safari hii kulia.

29 Aprili

Kama ni kushoto leo na kulia kesho, basi si risasi peke yake. Nimeangalia mdomo wa mtutu. Ukiwa umebanwa sana, donge linabanwa na kupinda njiani, lakini huu haukubanwa. Nimeangalia ndani kama kuna mabaki ya madini ya risasi yaliyoyeyuka yakaganda. Hakuna. Nimekaza skrubu ya kitako. Nimepima uzito wa kifyatulio: ni kigumu, ukikivuta unaweza kuisogeza bunduki nzima, kwa hiyo nimekilainisha kidogo kwa jiwe la kunolea. Nimeangalia ule ushanga wa shaba wa kulengea, haujalegea. Nimesafisha, nimepaka grisi, risasi mbili machimboni. Vidole vitatu.

Sasa naanza kumwangalia baba mdogo kwa jicho lingine. Ana miaka hamsini na tisa. Asubuhi anasoma gazeti akiwa amelinyoosha mkono mzima.

2 Mei

Mama kaniuliza kwa nini namjibu baba mdogo mkato. Nikasema sijamjibu mkato. Akasema, "Hata hilo umelijibu mkato."

4 Mei

Leo nimefanya jambo ambalo mafundi wote hufanya, lakini si kwa baba zao. Nilimchukua machimboni kwa risasi mbili, nikamwambia nitazitia mimi. Ya kwanza halisi, akapiga vizuri. Ya pili nikatia ganda tupu bila kumwambia. Akalenga, akavuta, haikulia. Mtutu ukaruka chini karibu kiganja kizima. Maana yake analisubiri teke la bunduki na mwili unajikunja kabla. Mtu akifanya hivyo, donge linakwenda popote.

Aliikunja bunduki, akatoa ganda, akaliangalia.

"Umenipa ganda tupu."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia usingeruka."

Akaliweka mfukoni. Tukarudi. Nilikuwa na uhakika nimepata jibu, na nikaona vibaya kwamba jibu lenyewe ni yeye. Ndiye aliyenifundisha kushika tupa baba alipokuwa anasema karakana si mahali pa msichana.

7 Mei

Naandika kwa urefu kwa sababu leo si siku ya mstari mmoja.

Alfajiri baba mdogo alimpiga dume kwenye shamba la fundi baiskeli, yule mwenye kibanda karibu na daraja. Hatua ishirini na tano. Alilenga bega, donge likaingia tumboni. Nguruwe aliyejeruhiwa tumbo hakimbii msituni, anakimbilia watu. Fundi baiskeli alikuwa anatoka choo cha shambani, hana hata fimbo. Nguruwe amemchana paja la kushoto kutoka juu ya goti mpaka karibu na nyonga. Baba mdogo alitia risasi ya pili akamuua nguruwe hatua tatu kutoka pale. Akamfunga mguu kwa shati lake, wakambeba kwa mkokoteni hadi zahanati. Ameshonwa nyuzi thelathini na moja. Daktari amesema mshipa mkubwa umekoswa kidogo sana.

Mchana nilikwenda zahanati. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, kifua wazi, damu imekauka mikononi. Ndani fundi baiskeli alikuwa anapiga kelele watu wote wasikie: "Mzee kipofu, kwa nini hakai nyumbani? Aende akachunge kuku!" Baba mdogo alisikia kila neno. Hakuinuka kuondoka.

Saa tisa katibu akaja karakanani na karatasi. "Fundi, kamati inakaa kesho. Tunataka kwa maandishi. Ni bunduki au ni mtu?"

Nikamwomba saa moja. Nikaifungua bunduki nikaikagua upya kila kitu nilichoorodhesha tarehe ishirini na tisa. Nikaipaka grisi, nikaifunga, nikaitikisa karibu na sikio. Kimya. Nikakumbuka mtutu ulivyoruka kwa lile ganda tupu.

Nimeandika hivi, nanakili kama nilivyoandika: "Bunduki haina kasoro. Mpigaji anaruka kabla ya mlio. Nimelithibitisha kwa jaribio." Nikatia sahihi na muhuri wa karakana, muhuri wa baba.

8 Mei

Kamati imemwondoa. Miaka kumi na minane, dakika kumi. Katibu akamuuliza kama ana la kusema. Akasema, "Karatasi imesema, basi."

Ameniletea bunduki mwenyewe. Ameiegemeza mlangoni kwa upole kama mtu anayemlaza mtoto. Nikamwambia, "Baba mdogo, ilikuwa lazima niandike nilichokiona."

"Uliandika ulichokiona," akasema. "Hujakosea kuandika."

Ningependa angenitukana.

12 Mei

Mvua. Geti jingine.

15 Mei

Mlinzi mpya ni Sajini, mstaafu wa jeshi, mtu wa viatu vinavyong'aa na sauti ya gwaride. Nimemkabidhi bunduki na grisi yake. Aliishika kwa vidole viwili. "Hii ni bunduki au chapati?" Akasema yeye hapendi grisi, inakamata vumbi.

19 Mei

Mama mdogo, mke wa baba mdogo, amekuja kunoa visu. Kasema mumewe amenunua miwani, na kila jioni anasimama nyuma ya nyumba na mti wa ufagio, anaulenga ukuta, anavuta kidole, anautazama kama umetikisika. Mara mia. "Anafikiri sioni," akasema. "Na kuna ganda la risasi analiweka juu ya ncha ya ufagio. Likianguka anaanza kuhesabu upya."

Nilinoa visu vyote bila kuinua kichwa.

24 Mei

Sajini amekosa mara tatu kwa wiki moja. Nguruwe wamemaliza robo ya shamba la mjane wa mwalimu. Leo ameingia karakanani bila hodi, akaiweka bunduki juu ya meza.

"Fundi, mimi nimeshika silaha miaka ishirini na miwili. Hii yako inatikisa kichwa."

Nikakaribia kumwambia naye anaruka. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nikaishika, nikaona ni kavu. Aliifuta yote kwa petroli, hata bawaba. Nikashika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, nikausukuma kushoto na kulia.

Tik. Tik.

Sauti ndogo kabisa, kama kucha kwenye kikombe. Mtutu unacheza kwenye bawaba. Si sana, unene wa karatasi mbili. Kwenye hatua arobaini karatasi mbili ni kushoto leo na kulia kesho.

"Umesikia?" Sajini akauliza.

"Nimesikia."

Nikamwambia aiache. Akaondoka. Nikafunga mlango nikakaa juu ya kreti.

Tangu Machi nimekuwa naifunga kwa grisi nzito. Grisi inajaza pengo, mkono hausikii kitu, na risasi mbili za kwanza zinapiga vidole vitatu. Nami nilikuwa napewa risasi mbili tu. Kisha baba mdogo anaichukua. Ni mtu wa sheria: kila mfereji anaikunja kabla ya kuruka, kila uzio anaikunja, mara thelathini kwa siku, juani. Grisi inalainika, inakamuliwa nje. Kadiri alivyokuwa mwangalifu ndivyo alivyoiharibu grisi yangu. Kisha anakosa, anakuja, naipaka tena, napiga mbili, namwambia ni yeye. Mtu akikosa mara mbili tatu kwa bunduki anayoiamini, mwili lazima uanze kuruka. Kule kuruka nilikokuona kulikuwa kweli, ila nilikuwa nimekutengeneza mwenyewe.

Lakini bawaba haikulegea mwaka huu. Imelika miaka. Kwa nini mwaka jana haikukosa?

Nikachukua daftari hili nikasoma kuanzia mwanzo. Sikufika mbali. Tarehe 6 Machi. "Nimetoa na kipande cha bati kilichokwama humo, nimetupa."

Jioni nikamuuliza mama, nikijifanya nauliza tu, kama anakumbuka baba akiitengeneza bunduki ya chama. Akasema anakumbuka kuliko harusi yake. "Alikaa wiki nzima anakata mabati. La maziwa nene, la samaki jembamba. Mwisho akakata kifuniko cha kopo la dawa ya viatu. Kopo lenyewe lilikuwa limejaa, dawa ikakauka yote. Nilimnunia siku tatu." Akaniangalia. "Kwani vipi?"

Nikamwambia. Kile kipande ndicho kilichokuwa kikiziba pengo la bawaba. Mama akasema, "Kwa hiyo ulimtupa baba yako kwenye pipa, ukamtupa na mdogo wake."

Ni kweli. Nimelia, naandika tu kwamba nimelia.

25 Mei

Nimenunua kopo la dawa ya viatu. Kifuniko kimoja, vipande vitatu, cha tatu ndicho. Nimekipinda kukifuata chuma cha bawaba, nimekipaka mafuta mepesi tu. Nimetikisa kavu. Hakuna tik.

26 Mei

Nimekwenda kwanza kwa fundi baiskeli. Amekaa kibandani kwake, mguu juu ya tairi, anaziba pancha. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza huku gundi inamkaukia kidoleni.

"Mguu utapona," akasema mwishowe. "Yale maneno niliyompigia mzee pale zahanati nitayafanya nini?"

Akaniambia Jumapili nimbebe kwa mkokoteni, naye anakuja kwenye mkutano wa chama.

Kwa baba mdogo sikwenda. Nilifika mpaka kona ya nyumba yake nikamwona na ufagio wake, nikarudi. Nilitaka asikie mbele ya walewale waliosikia mara ya kwanza. Hicho ndicho kisingizio changu, na nusu yake ni woga.

28 Mei

Mkutano umefanyika ghalani. Watu kama sitini, wengine wamekaa juu ya magunia. Baba mdogo amekaa nyuma kabisa, na miwani. Nikaomba nafasi, nikasimama na daftari hili, nikasoma tarehe 6 Machi, tarehe 4 Mei, tarehe 7 Mei, na tarehe 24 Mei yote, hata pale niliposema nimelia.

Katibu akainua ile karatasi yangu yenye muhuri. "Fundi, hii ya kwanza uliandika wewe."

"Niliandika mimi."

"Na hayo?"

"Pia mimi."

"Sasa sisi tushike lipi?"

Kabla sijajibu, baba mdogo akasimama kule nyuma. "Soma tena tarehe sita. Huku hatukusikia."

Alikuwa amesikia. Nikasoma tena, kwa sauti: nimetoa na kipande cha bati, nimetupa. Akaitikia kwa kichwa, akaketi.

Nikawaambia hawana haja ya kuniamini, waje machimboni, lakini safari hii nipewe risasi tano, si mbili. Mkutano mzima ukatufuata, fundi baiskeli juu ya mkokoteni ukisukumwa na Sajini. Nikamuuliza baba mdogo kama atapiga yeye. Akatoa lile ganda tupu mfukoni, lile la tarehe nne, limechakaa kwa kushikwa, akanitia kiganjani.

"Lichanganye na hizo tano. Usiniambie liko wapi."

Nililitia la nne. Alipiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara aliikunja, akatazama pembeni nikatia, akaifunga. Ya nne akalenga, akavuta. Haikulia. Mtutu haukusogea, hata ule ushanga haukusogea, na watu wote wakauona umekaa palepale. Akapiga ya tano, akapiga ya sita. Katibu akaileta karatasi ya shabaha. Matundu matano, nikayafunika kwa kiganja kimoja.

Fundi baiskeli akaita kutoka mkokotenini, "Mzee, nisamehe yale ya kuku."

"Kuku ninao kweli," baba mdogo akasema. "Nitakuletea mayai."

Katibu akamkabidhi bunduki palepale. Mimi hakuniambia kitu. Angenisema nisingeona haya; ningeona haya kama angesahau kosa langu.

29 Mei

Katibu ameleta barua ya chama: kazi ya bunduki itakaguliwa na fundi wa mjini kila msimu, kwa gharama ya karakana yangu. Nimetia sahihi.

3 Juni

Dume moja, hatua thelathini na tano, donge moja. Baba mdogo ameandika mwenyewe kwenye karatasi akaniletea nibandike humu. Mwandiko mbaya.

16 Juni

Mavuno yamekwisha. Baba mdogo amerudisha bunduki isafishwe. Hakuondoka. Alivuta kreti akakaa mlangoni, akaangalia nikifungua bawaba, nikitoa bati, nikiliweka juu ya kitambaa cheupe peke yake. Nilipomaliza nikalirudisha, akaitikisa bunduki, akasikiliza. Kisha akainuka akaenda kwenye pipa langu la takataka, akainama na miwani yake.

"Leo umetupa nini?"

Nikadhani ananitania, nikacheka. Akabaki ameinama, anangoja. Kwa hiyo nimemjibu, na kuanzia leo naandika:

Vitambaa vitatu vya mafuta. Skrubu moja, imekatika kichwa. Brashi iliyokwisha manyoya. Baba mdogo amekagua, skrubu ameirudisha mezani.